Umbea Uliotozwa Ushuru

Jioni nyingi, nikimaliza kusahihisha madaftari, sirudi nyumbani moja kwa moja. Napita kwanza kwenye kibanda cha chapati kilicho kona ya mtaa wetu hapa Walukuba, Jinja, naagiza rolex ya mayai mawili, kisha nasimama pale nusu saa nzima ingawa kuipika hakuchukui hata dakika tano. Kwa msomaji asiyeijua Uganda, rolex yetu si saa ya mkononi. Ni mayai yaliyokaangwa pamoja na kabichi, nyanya na vitunguu, yakalazwa juu ya chapati na kuviringishwa, na jina lake ni maneno ya Kiingereza ya mayai ya kuviringisha, yaliyotamkwa haraka haraka mpaka yakagandana. Mke wangu husema kwamba nanunua chakula na huku kingine kinanisubiri mezani. Hana kosa, ila mimi siendi pale kwa ajili ya mayai.

Naenda kwa ajili ya mazungumzo. Walukuba ulijengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya wafanyakazi, watu wakamiminika kutoka kila upande, na mpaka leo Msoga, Mluo, Mwacholi na Mgisu wakikutana kibandani hupatana kwa Kiswahili. Jambo hilo linanifurahisha kuliko inavyostahili, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa lugha hiyo katika nchi ambamo wazee wengi waliijua kwanza kama lugha ya askari, lugha ya kuamrishwa ulale chini. Kuisikia ikitumiwa kumtania mtu aliyefungwa mabao matatu na timu ya shemeji yake ni kama kuiona ikivuliwa magwanda.

Mwezi Machi 2018, Rais Museveni alimwandikia waziri wake wa fedha akilalamikia lugambo, yaani umbea, unaoenezwa kwenye mitandao ya kijamii, akataka watumiaji wake watozwe kodi. Kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo, kila aliyetaka kufungua WhatsApp, Facebook au Twitter alipaswa kulipa shilingi 200 kwa siku, tena kwa pesa za simu, na asiyelipa alibaki akitazama kioo. Siku ya kwanza nililipa palepale kibandani, huku mikono ikiwa na mafuta. Mzee mmoja, mstaafu wa kiwanda cha nguo ambaye hana simu ya kioo wala haitaki, aliniuliza ninahangaika na nini. Nilipomweleza, alifikiri kidogo, akasema, “Kwa hiyo, mwalimu, umbea siku hizi una risiti?”

Tulicheka sana, lakini swali lake lilinifuata hadi kitandani, hasa nilipotambua kwamba kodi ile iliingizwa katika sheria ya ushuru wa bidhaa, sheria ileile inayotoza bia, sigara na soda. Kusema kukawa kumepangwa kwenye rafu moja na starehe ndogo ndogo za mtu wa kawaida. Waliopinga walitaja Ibara ya 29 ya Katiba ya 1995, inayolinda uhuru wa kusema na kutoa maoni, wakaeleza kwamba mitandao ni mahali pa kujadili uchaguzi, ufisadi na huduma za serikali. Walikuwa na haki. Hata hivyo, nikiwa mkweli, mimi sijawahi kufichua ufisadi wowote kupitia WhatsApp. Nimetuma picha za mahindi yangu, nimebishana kuhusu penalti, nimepokea vichekesho ambavyo siwezi kuvisoma mbele ya mama mkwe. Aliyeyaita hayo umbea hakukosea sana. Alikosea kudhani kwamba umbea ni kitu ambacho mtu anaweza kupunguziwa bila kupunguziwa maisha. Mtu huzoea kusema mazito kwa kusema kwanza mepesi, na anayehesabu senti kabla ya kufanya mzaha hatathubutu kuuliza kwa nini zahanati haina dawa.

Hilo nililiona kwa macho Januari 2021. Siku chache kabla ya uchaguzi Facebook ilifungwa, kisha intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Kibanda kilijaa kuliko wakati mwingine wowote, kwa sababu habari zilikuwa zinatembea kwa miguu tu. Jioni moja tulikuwa kama watu tisa, kila mmoja akieleza alichosikia, mara akaja kijana asiyejulikana na yeyote, shati limechomekwa vizuri, akaagiza chapati mbili bila mayai. Sauti zilikatika. Mtu wa bodaboda aliyekuwa katikati ya sentensi aliimalizia kwa kuuliza bei ya nyanya. Mpishi aligeuza chapati iliyokuwa imeiva tayari, akaigeuza tena, akaigeuza mara ya tatu, mpaka harufu ya kuungua ikatufikia. Yule kijana alilipa, akatuaga kwa adabu, akaondoka, na pengine alikuwa mwalimu mgeni kama nilivyokuwa mimi zamani. Hatukurudi tena kwenye mazungumzo yetu. Nilikula rolex yangu nikiwa nimesimama upande, ikawa na ladha ya chakula cha hospitali.

Ile kodi ya shilingi 200 iliondolewa Julai 2021, nafasi yake ikachukuliwa na ushuru wa asilimia 12 juu ya bando la intaneti, ambao hauonekani kwa macho na kwa hiyo hauna hata utamu wa kulalamikiwa. Mwaka 2022 sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta iliongezewa makosa mapya. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ikafuta kifungu cha zamani cha sheria hiyohiyo kilichokuwa kikitumika kuwashtaki watu kwa maandishi ya kuudhi. Mara kamba hukazwa, mara hulegezwa, nasi tunajifunza kupima kwa kuangalia nani amesimama kwenye foleni.

Jana nilipita tena. Mzee alikuwa ameketi juu ya kreti la soda, mkono mmoja ukiwa na kikombe cha chai ya tangawizi, akaniuliza kikundi cha mtaa kinasemaje leo. Nikatoa simu, nikamsomea ujumbe mmoja baada ya mwingine kwa sauti, wa msiba, wa maji kukatika, wa jogoo aliyepotea, na mmoja mrefu kuhusu diwani ambao ulikuwa mkali na wa kuchekesha vilevile. Nilipofika mwisho wake niligeuka kutazama nyuma yangu kwanza. Mzee aliniona.

“Huo wa diwani,” akasema, “hebu rudia.”