Pete kwenye ubongo

Kazi yangu ni kupiga picha za MRI. Ripoti anaandika daktari wa redioloji. Lakini pete ikitokea kwenye skrini, sote tunasogeza viti.

Mgonjwa akishachomwa gadolini, dawa ya mshipani inayong'arisha picha, unaona duara ubongoni: ukingo unang'aa, katikati peusi. Jipu hutoa pete hiyo. Glioblastoma (saratani kali inayoanzia ubongoni) iliyooza katikati nayo hutoa. Saratani iliyosambaa kutoka pafuni, kifua kikuu, toksoplasma (ugonjwa wa vimelea), zote zimo. Na homa usiitegemee, maana wengi wenye jipu la ubongo hufika bila homa.

Hapo ndipo ninapoipenda DWI, aina mojawapo ya picha za MRI. Ni dakika chache tu, haihitaji dawa ya mshipani, na inachopima ni jinsi maji yanavyotembea ndani ya tishu. Usaha ni mzito kama uji uliopoa, umejaa seli, bakteria na protini, kwa hiyo maji humo yanabanwa. Kwenye DWI ya b 1000 (b ni kiwango cha kuhisi mwendo wa maji), katikati ya pete panawaka. Kwenye ramani ya ADC, inayokokotolewa kutoka DWI kuonyesha maji yanatembea kiasi gani, mahali palepale ni peusi. Saratani iliyooza kwa kawaida ina majimaji mepesi, na mambo yanageuka.

Wanafunzi wa vitendo hupenda kuniita mapema. "Kaka, imewaka!" Nami nauliza, "ADC iko wapi?" Kitu chaweza kung'aa kwenye DWI kwa sababu ya T2 yake tu, yaani mng'ao wa asili wa tishu yenye maji mengi, bila maji kubanwa. Weupe peke yake mimi siuhesabu.

Hata zote mbili zikikubaliana, damu ndani ya uvimbe inaweza kudanganya. Toksoplasma nayo mara nyingi haibani maji katikati, na kwa aliyekwisha kutibiwa kwa antibiotiki ADC huanza kupanda. Neno la mwisho ni la maabara, daktari wa upasuaji akishafyonza usaha.

Kinachonikera hasa ni masikio. Sikio linalotoa usaha miaka nenda rudi, watu wanaliona jambo dogo, kumbe maambukizi yanaweza kupenya mfupa hadi kwenye ubongo wa pembeni au ubongo mdogo. Na hapo hapo ndipo DWI ya kawaida inapopindika, kwa sababu ya hewa iliyo kwenye mfupa. Kwa hiyo fomu ikitaja sikio, siridhiki na mikato ya mlalo: naongeza ya koronali, inayokata wima kutoka sikio hadi sikio, na mgonjwa anivumilie dakika nyingine kadhaa humo ndani.