Mdomo asetoni, kwapa sukari guru

Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Kwa hiyo usiku ule aliponiuliza, "Mama Nuru, siku hizi kazi unakuja nayo mpaka kitandani?" nilidhani ananisema kwa ajili ya simu. Kumbe anasema harufu. Shuka lote, kwa maelezo yake, lilikuwa linanuka asetoni, na siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Ijumaa saluni sifungui. Nilishinda nyumbani, nikapika, nikaoga, nikalala.

Kwa msiyenijua, natengeneza kucha na kuchora hina na piko hapa Tanga, maeneo ya Ngamiani. Asetoni kwangu ni kama unga kwa mpika chapati: ndiyo inayovua kucha za kubandika, ndiyo inayofuta jeli, inamwagika mezani, inaingia kwenye dera. Pua yangu haiishughulikii tena. Na wateja nao wakiingia wakaisikia, wanajua ni ya chupa. Ningeweza kukaa mwaka mzima nikiitoa mdomoni mwangu mwenyewe, nimekaa uso kwa uso na mtu nimemshika mkono, na asiwepo wa kuniambia.

Habari ilianzia kwenye dayati. Baada ya mtoto wa pili uzito uligoma kushuka, magoti yakaanza kulalamika, na mama yangu ana sukari, kwa hiyo hofu ilikuwepo. Shoga yangu akaniingiza kwenye kundi la WhatsApp la kuacha wanga. Mnayajua hayo makundi: asubuhi picha ya mayai, mchana picha ya nyama na mchicha, jioni picha ya mtu kasimama juu ya mizani. Nikaacha ugali, wali wa nazi, mihogo, chapati, maandazi, hata ndizi mbivu. Nikala mayai, nyama ya kuchoma, samaki, bamia, parachichi, mtindi. Asubuhi nameza punje za kitunguu saumu zilizokatwakatwa, halafu glasi ya maji ya uwatu uliolala usiku kucha, na mbegu zake natafuna. Kilo zilishuka, hilo silikatai.

Ila mwili ukabadilika harufu, na haikuwa harufu moja. Mdomoni asetoni. Pumzi ya asubuhi, kitunguu saumu hata nisipokila jana yake usiku. Kwapani ndiko kulikonishangaza zaidi, maana kikwapa nakijua, na hiki hakikuwa kikwapa. Kilikuwa kitamu. Kilinuka sukari guru iliyounguzwa sufuriani. Nikifua dera, likikauka juani na kupigwa pasi, ile sukari guru inapanda tena na mvuke wa pasi.

Mwanamke wa Pwani akiambiwa ananuka, kuna utaratibu. Ndimu kwapani. Shabu. Kuoga mara tatu. Karafuu mdomoni. Halafu udi, nguo zote zikafukizwa, na mafuta ya udi juu yake. Niliufuata wote. Mimi naupenda udi kuliko mtu yeyote mtaani kwetu, lakini nawaambia, udi juu ya harufu inayotoka ndani ni kelele tu. Mtu anasikia vyote viwili, na anajua unaficha.

Nikaenda zahanati, kwa sababu ya mama zaidi kuliko kwa sababu ya aibu. Nilikuwa nimeshasikia kwamba mgonjwa wa sukari anaweza kunuka mdomo harufu kama ya matunda au dawa ya kucha, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Tabibu wa zamu, kijana mpole, kabla ya kitu chochote akaniuliza ninakula nini. Nikamwambia. Akatabasamu, lakini akapima vilevile. Kidole: 4.9, na nilikuwa sijala kitu tangu usiku. Sawa kabisa. Mkojo: akachovya kile kijiti, kipande kimoja kikageuka zambarau mbele ya macho yangu. "Dada, sukari huna. Hizi ni ketoni. Umeunyima mwili wanga, sasa unachoma mafuta."

Alivyonieleza ni hivi, na baadaye nimesoma nikaona ndivyo. Mwili una akiba ndogo ya sukari kwenye ini, ya siku moja hivi. Ikiisha na wewe huleti wanga, ini linaanza kuvunja mafuta na kutengeneza ketoni, ambazo ubongo na misuli vinaweza kuzitumia badala ya sukari. Ketoni ziko tatu, na moja ni asetoni. Sio kitu kinachofanana na asetoni, ni asetoni yenyewe, ile ile iliyoko kwenye chupa yangu ya saluni, ila kidogo sana. Mwili hauihitaji sana, na kwa kuwa ni nyepesi kuruka hewani, inatokea mapafuni na kwenye mkojo. Ndiyo maana mswaki haukunisaidia. Nilikuwa nasugua meno kwa kosa la mapafu.

Na si jambo geni kwetu, tukifikiria vizuri. Mwezi wa Ramadhani, alasiri ikishaingia, kila mdomo una harufu yake. Sehemu ni mate kupungua, kinywa kinakauka na bakteria wa kwenye ulimi wanapata nafasi. Sehemu ni mwili kuanza kugusa mafuta. Imo katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba harufu ya mdomo wa mfungaji mbele ya Mwenyezi Mungu ni nzuri kuliko miski. Mume wangu nilimkumbusha hilo. Akajibu kwamba Ramadhani bado.

Lakini hapa naomba msinichekee tu. Kama una sukari, hasa unayejidunga insulini, na mdomo ukaanza kunuka hivyo pamoja na kiu isiyoisha, kukojoa sana, kichefuchefu, tumbo kuuma au kuhema haraka, hiyo si dayati. Ni ketoni zimejaa kupita kiasi na damu imekuwa na asidi, na inaua. Ni hospitali saa hiyo hiyo, sio kesho, na sio kuuliza kwenye kundi. Kundi letu lilikuwa linaambia watu kwamba harufu ya mdomo ni "dalili ya ushindi", bila kumuuliza anayeandika kama ana sukari au hana. Hilo lilinikera, na nililisema.

Basi asetoni ikawa imejulikana. Sukari guru je? Tabibu hakuwa na jibu; akaniambia jasho ni jasho. Aliyeijua ni mama mkwe, alipokuja kututembelea na kunikumbatia mlangoni. Hakuniachia mara moja. Akanusa shingo, akaniangalia tumbo.

"Mwanangu, wewe una harufu ya mzazi."

Nikamwambia hapana mama, hakuna kitu.

"Basi unakula uwatu."

Wanawake wa umri wake wameulea uzazi kwa uwatu: unatiwa kwenye uji ili maziwa yashuke, na nyumba nzima ya mzazi inanuka hivyo, nguo za mtoto pia. Yeye hakuhitaji maabara. Mimi nikaenda kusoma, nikakuta ndani ya mbegu za uwatu kuna kitu kinaitwa sotoloni, chenye harufu kali ya sukari iliyoungua, na mwili unakitoa kwenye jasho na mkojo. Ndicho hicho hicho kinachowakumbusha Wamarekani sharubati ya mti wa mepo, ile wanayomwagia chapati zao nzito za asubuhi.

Na wao kiliwahi kuwasumbua kweli. Tangu 2005 watu wa Manhattan, New York, walikuwa wanapiga simu serikalini kwamba mji unanuka sharubati, siku moja inakuja, inapotea, inarudi. Watu waliogopa, maana ilikuwa miaka michache tu tangu Septemba 2001, na harufu isiyo na mwenyewe inatisha. Februari 2009 Meya Michael Bloomberg akatangaza chanzo: kiwanda cha ng'ambo ya mto, New Jersey, kilichokuwa kinasindika mbegu za uwatu kwa ajili ya manukato ya vyakula. Jiji zima lenye wapelelezi lilihitaji zaidi ya miaka mitatu. Mama mkwe wangu alihitaji kunikumbatia.

Kuna upande mwingine wa uwatu ambao wazazi wapya wanafaa kuujua. Upo ugonjwa adimu wa kurithi ambao mkojo wa mtoto mchanga unanuka hivyo hivyo, na ni ugonjwa mbaya. Wameshatokea watoto wazima kabisa waliohisiwa kuwa nao, kumbe mama amekunywa uwatu. Kwa hiyo ukienda kujifungua na umeutumia, mwambie mkunga, na nesi akikuuliza, usione haya.

Kitunguu saumu ni kesi fupi. Harufu ya kinywani inaisha kwa mswaki. Ile inayobaki ni ya gesi yenye salfa ambayo tumbo na ini haviivunji, inazunguka na damu na kutokea mapafuni saa nyingi baadaye. Nimeambiwa maziwa yanasaidia ukinywa pamoja na chakula, na kwangu yalisaidia kiasi.

Nyama nayo ilinipa mashaka. Jasho lenyewe kwa kawaida linapotoka halina harufu; ni bakteria wa kwapani wanaolila na kutoa harufu, na unachokula kinabadilisha wanachopewa. Huko Prague, watafiti waliwalisha wanaume nyama kwa wiki mbili, na wakati mwingine wakawanyima nyama kwa wiki mbili, wakawavisha vitambaa kwapani, kisha wanawake wakapewa vitambaa hivyo wavinuse. Matokeo yalichapishwa 2006: wale wasiokula nyama walinusika vizuri zaidi. Ni watu wachache, siwezi kuapa kwayo. Ila nilimsomea mume wangu kwa sauti, yeye aliyekuwa anakula mishikaki wakati huo.

Kuna mteja wangu mmoja aliyeniandikia nilipogusia haya mwanzo, akasema yeye si asetoni wala sukari guru, ni shombo. Shombo ya samaki, akila mayai au maini, na ameoga. Nimemwambia aende kwa daktari, kwa sababu hilo nalo lipo. Mayai, maini, maharage na samaki vinawapa bakteria wa utumbo malighafi ya kutengeneza gesi yenye shombo, na ini la wengi wetu linaigeuza kuwa kitu kisicho na harufu. Wachache wanarithi ini lisiloweza kazi hiyo. Hawa ndio wanaoitwa wachafu tangu shule, wanahamishwa dawati, wanaachwa, na wanaoga kuliko mimi na wewe. Kula vyakula hivyo kwa kiasi kunawasaidia, ila si kwa kubahatisha, kwani mwili unahitaji kitu kilichomo ndani yake, mjamzito na anayenyonyesha hasa.

Mimi nilitoa kimoja kimoja ili nijue nani ni nani. Nilianza na uwatu: sukari guru ikapungua siku chache tu mwilini, ila kwenye nguo za kitambaa cha polyester iligoma, mbili nikawapa mafundi wakatie matambara. Halafu nikarudisha wanga kidogo, kipande cha muhogo mchana, ndizi jioni, na chapati siku ya Ijumaa kwa sababu sitaki kuishi bila chapati. Asetoni haikumaliza siku mbili. Kilo mbili tatu zimerudi nazo.

Uwatu sijauacha, naupenda kwenye mchuzi na mama mkwe angenishangaa. Natia kijiko, sio glasi ya asubuhi. Na wiki yenye bibi harusi situmii kabisa, kwa kuwa kuchora piko la mikono na miguu kunachukua nusu siku, tumekaa karibu, milango imefungwa, na feni haifai kuwashwa mpaka piko likauke.