Siku moja gereji Mafiati: bodaboda mstaafu anavalishwa umbo la mbio za vumbi

Saa 12:30 asubuhi

Julai hapa Mbeya spana zinauma mkononi. Nikifika gereji, dogo ameshawasha jiko la mkaa na birika la chai liko juu, lakini mkaa wote ule si wa chai. Leo tunakunja bomba.

Iliyopo kwenye stendi ni SanLG ya 125, nyekundu. Ilibeba abiria mjini hapa mpaka mkataba ukaisha na mwenyewe akaiuza. Aliyeinunua ni mwalimu wa sekondari anayekaa Isyesye, akaja na picha kwenye simu: pikipiki za Marekani za mbio za vumbi, zile zinazozunguka uwanja wa udongo na kukata kona za kushoto tu, dereva ameshusha mguu wa kushoto wenye kiatu cha chuma, tairi la nyuma linateleza kwenda upande. Bajeti yake laki nne na nusu, ufundi humohumo. Nikamwambia inawezekana, ila mimi ndiye nitakayeamua hela iende wapi.

Na kwangu hela inaenda chini, kwenye kile kinachogusa barabara. Juu tunapunguza tu. Nimeona pikipiki za vijana zimepakwa rangi ya gharama, taa za rangirangi, halafu tairi kipara na breki ya kukanyaga kwa dua.

Saa 1:15

Betri kwanza. Kabla ya grinda wala moto, toa waya za betri na uchomoe CDI, kile kiboksi kinachoamuru cheche za plagi, maana umeme wa mashine ya kuchomelea ukipita kwenye fremu ukiikuta imeunganishwa, unaweza kujikuta dukani unanunua nyingine. Dogo analijua hilo lakini leo namwachia alitamke mwenyewe kwa sauti.

Kisha tunavua. Keria ya nondo, madigadi ya nyuma, vyuma vya kukinga miguu, na ile siti ndefu ya kubebea mishikaki ambayo sponji yake imelala kabisa katikati. Ukiviweka pembeni vyote unashangaa pikipiki ilikuwa inapandaje mlima. Ile keria peke yake dogo aliibeba kwa mikono miwili.

Watu wananiuliza kwa nini nakubali kazi kama hii kwenye pikipiki ya Kichina. Kwa sababu injini hii ni ukoo wa Honda CG125 ya mwaka 1976. Vali zake zinasukumwa na fimbo ndefu, haina cheni ya ndani ya kulegea, na ilibuniwa kwa ajili ya mtu asiyekumbuka kubadilisha oili. Spea zake ziko mpaka vijijini. Na kuna jambo kubwa zaidi kwa kazi ya leo: rimu zake ni inchi 18 mbele na nyuma, zote za spoki. Wamarekani kwenye mbio zile wanatumia 19 mbele na 19 nyuma, na usawa huo wa magurudumu ndio unaoleta lile umbo. Ukimpa mtu 21 mbele, anapata pikipiki ya porini. Kutafuta rimu za 19 na tairi zake hapa Mbeya ni kumaliza bajeti kabla hujaanza. Kwa hiyo tumebaki na 18, tukapandisha unene wa tairi: mbele inchi 3.00 badala ya 2.75, nyuma 3.50, baada ya kupima kwanza kama tairi litapita kwenye mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu, bila kusugua. Tairi zenyewe zina vipande vya wastani. Meno makubwa ya matope yangependeza kwenye picha, ila mwalimu anapita lami kila siku.

Magurudumu tulishayamaliza. Spoki zilizolegea utazijua kwa kuzigonga na spana ndogo: iliyokaza inalia, iliyolegea inajibu kama mti mkavu. Kazi ya bodaboda ilikuwa imezilegeza nyingi upande wa nyuma.

Saa 3:00

Mzee wa kuchomelea amefika. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mkaa uko tayari?" Huwa hana maneno mengine mpaka kazi iishe.

Sehemu hii ndiyo inayopenda kuharibiwa. Fremu ya nyuma ya pikipiki hii ni ndefu ili ibebe abiria na keria. Tunaikata nyuma ya pale shokapu zinapofungwa, kamwe si mbele yake, kisha tunaifunga kwa bomba lililokunjwa kama kiatu cha farasi. Bomba ukilikunja tupu linabonyea tumboni. Kwa hiyo mzee analijaza mchanga, na mchanga wenyewe ameukaanga kwenye bati mpaka umekauka kabisa, kwa sababu maji yaliyofungiwa ndani ya bomba la moto yanageuka mvuke na kurusha kizibo. Anashindilia kwa kugonga ubavuni, anaongeza mchanga, anagonga tena mpaka sauti inakuwa nzito. Vizibo vya mti pande zote mbili. Bomba linaingia kwenye mkaa, dogo anapuliza, na likishakuwa jekundu la kuiva mzee analiegemeza kwenye ngoma kuukuu ya breki ya gari dogo na kulivuta taratibu. Halivuti kwa nguvu, anaegemea tu kwa uzito wake. Mkunjo ukatoka bila kovu.

Kwenye maungio tunaingiza kwanza kipande cha bomba jembamba ndani, nusu huku nusu kule, tunatoboa vitobo pembeni na kukichomelea hapo pia. Bila kipande hicho, mzigo wote unabebwa na mshono, na mshono hukatika siku uko mbali na nyumbani. Namba ya chasisi iko pale mbele kwenye shingo ya usukani. Huko hatugusi kwa grinda wala kwa rangi nzito.

Upande wa kulia umeshikwa, wa kushoto bado, umeme ukakatika.

Saa 4:45

Mwanjelwa, soko la SIDO. Sikai kusubiri umeme wakati orodha ya manunuzi ipo mfukoni. Nataka usukani mpana, na hapa kuna mama anayeuza vyuma vilivyotumika, ana usukani wa XL za zamani, zile Honda zilizokuwa zinapandwa na mabwana shamba.

"Ugonile, mama."

"Ndaga. Elfu thelathini."

"Hata sijaushika!"

"Ndiyo maana nakwambia mapema, usijeukashika bure."

Nikauviringisha juu ya meza ya kioo ya jirani yake kuangalia kama umepinda. Haujapinda. Tukaishia elfu kumi na nane, na akanitupia vishikio vya mpira vilivyokaa juani. Kebo mbili ndefu zaidi, ya klachi na ya mafuta, kwa sababu usukani mpana unazivuta zile za zamani mpaka zinakaza. Sproketi ya mbele ya meno 14 badala ya 15. Nyuma ina 42, kwa hiyo uwiano unapanda kutoka 2.8 hadi 3. Kwenye namba ni kidogo, kwenye mlima wa Isyesye utaisikia, na inatosha kwa mtu asiyetafuta spidi ya barabara kuu.

Siti nimeipeleka kwa fundi viti hukohuko. Kitako chake ni bati nililolikunja jana, na mkia wake mfupi umeinuka nyuma. Nilimsisitiza atumie sponji ngumu ile ya vipande vilivyogandamizwa. Sponji ya godoro inapendeza wiki mbili, baada ya hapo unakalia bati.

Saa 7:00 mchana

Ugali, mbasa, nusu parachichi. Umeme umerudi.

Saa 7:40

Mzee amemaliza mshono, amekunja nyaya zake na kuondoka na elfu ishirini na tano. Dogo anapiga msasa. Rangi itabaki nyekundu, na si kwa kukosa ubunifu: kadi ya pikipiki imeandikwa nyekundu, na kubadilisha rangi maana yake ni kwenda kubadilisha na kumbukumbu za usajili. Kopo moja la nyekundu ni nafuu kuliko safari hizo.

Mwalimu anataka namba 12 ubavuni kama za mashindano. Vibati vya kuandikia namba hiyo tumekata, na vina kazi: pikipiki ikishavuliwa vifuniko vya pembeni, betri na boksi la hewa vinaonekana ovyo. Vibati vinafunika vyote viwili. Wengi hulitupa boksi la hewa na kuweka chujio dogo la wazi kwenye kabureta. Kwa vumbi la Kiangazi la huku, chujio la namna hiyo ni njia ya haraka ya kumaliza pistoni. Boksi linabaki.

Saa 9:15

Usukani umefungwa, kebo zimepitishwa. Hapa kuna jaribio ambalo simruhusu mtu kulikwepa: washa injini, iache inguruma taratibu, kisha zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, halafu mpaka mwisho kulia. Mngurumo ukipanda, kebo ya mafuta ni fupi au imebanwa na tangi, na siku moja pikipiki itakuongezea mwendo yenyewe katikati ya kona. Ya kwetu ilipanda kidogo upande wa kulia. Tukaihamishia kebo upande mwingine wa shingo, ikatulia.

Nyuma tumeweka shokapu ndefu kwa sentimita mbili, mkia uinuke. Shokapu ndefu inabadilisha hesabu ya cheni, kwa hiyo haipimwi ikiwa kwenye stendi. Dogo na mimi tumeikalia pikipiki mpaka ekseli ya nyuma, mhimili wa mkono wa nyuma na sproketi ya mbele vikakaa mstari mmoja. Hapo ndipo cheni inapokaza kuliko popote, na hapo ndipo iachwe na ulegevu wa kama sentimita mbili. Ukiipima ikiwa imening'inia utaikaza kupita kiasi, nayo italipiza kwenye beringi ya sproketi.

Ekzosi tumeifupisha na kuiinua kidogo, na sailensa imebaki ndani yake, jirani zangu wana watoto. Kanuni ya vitabuni ni kwamba ukifungua ekzosi uweke jeti kubwa zaidi kwenye kabureta, yaani kile kitobo kinachopitisha petroli, kwa sababu injini inapata hewa zaidi. Lakini Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na jeti iliyowekwa kiwandani kwa ajili ya watu wa tambarare hapa inamwaga petroli ya ziada. Plagi ya pikipiki hii ilikuwa nyeusi kwa petroli hiyo ya ziada tangu ije. Nikaiacha jeti ileile.

Saa 10:50 jioni

Mwalimu ametoka kazini, lakini wa kwanza kupanda ni mimi. Nimepita Sae, nikaingia barabara za vumbi kuelekea Isyesye. Mikono imepanuka, kifua wazi, unakaa karibu na tangi, na pikipiki inageuka kwa kiwiko tu. Kwenye kokoto mkia unacheza kidogo na kurudi wenyewe. Nikasimama juu ya mlima, nikafungua plagi: kahawia ya maziwa, petroli inaungua sawasawa.

Niliporudi mwalimu alikuwa na swali moja alilolibeba kutoka kwenye picha zake. Mbona zile hazina breki ya mbele, tuitoe?

"Mwalimu, wale wanazunguka wote upande mmoja, hakuna bajaji inayokatiza mbele yao. Harley-Davidson XR750, ile ya mwaka 1970 unayoipenda, ilitengenezwa kwa uwanja. Wewe unashuka Mafiati saa moja asubuhi."

"Ila picha itakuwa..."

"Breki ya mbele haitoki."

Haikutoka. Na taa, indiketa, saiti mira na kibati cha usajili vimerudi vyote, vidogo lakini vipo, trafiki hatafuti umbo.

Saa 12:20 jioni

Hesabu kwenye daftari: tairi mbili na spoki laki na arobaini, shokapu sitini, usukani na kebo thelathini na mbili, sproketi na cheni thelathini na tano, mzee ishirini na tano, siti arobaini, rangi na msasa ishirini na nane. Jumla laki tatu na sitini. Tisini zinazobaki ni zangu na dogo, na rangi bado haijapigwa.

Vijana wa kijiwe cha jirani wamekuja kuizunguka. Mmoja ana Boxer, anataka ifanywe hivyohivyo. Nikamwambia Boxer yake ina rimu za 17, tutahitaji kuanzia kwenye magurudumu, na siti ni ya mtu mmoja.

"Mmoja na abiria?"

"Mmoja."

Akafikiria kidogo. "Basi nifanyie usukani tu, fundi."

Kesho saa mbili aje nao.