Namna nilivyoigundua simu feki iliyokuwa na IMEI sahihi

Boksi lilikuwa limefungwa vizuri kwa nailoni, na ndani yake mlikuwa na simu, waya, chaji na hedifoni. Nilifurahi kuiona chaji. Mdogo wangu, aliyekuwa amekaa pembeni yangu, aliichukua akaigeuzageuza mkononi.

"Dada, hii imetoka wapi? Simu hizi haziji na chaji."

Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimenunua Samsung Galaxy S23 Ultra, na Samsung iliacha kuweka chaji katika maboksi ya Galaxy S tangu S21 ilipotoka mwaka 2021, isipokuwa katika nchi chache. Nikamjibu kwamba muuzaji ameongeza kama zawadi. Mtu akishatoa pesa aliyoidunduliza kwa miezi, moyo wake humtetea muuzaji hata kabla muuzaji hajajitetea.

Usiku ule nilifanya kile ambacho kila mtu hushauri: nikapiga *#06#. Zikatokea IMEI mbili, yaani namba za utambulisho wa simu, kwa kuwa ni simu ya laini mbili. Nikazilinganisha na stika ya boksi tarakimu kwa tarakimu, zikafanana. Sikuishia hapo. IMEI ina tarakimu 15. Tarakimu 8 za mwanzo hutaja aina ya simu, na ugawaji wake duniani husimamiwa na GSMA, umoja wa kampuni za simu za mkononi. Tarakimu 6 zinazofuata ni za simu hiyo moja peke yake. Ya mwisho ni ya kuhakiki, na unaweza kuikagua mwenyewe kwa kalamu na karatasi.

Chukua 490154203237518, mfano unaotumika sana kufundishia hesabu hii. Iache ile 8 ya mwisho kama ilivyo. Ukirudi kushoto, zidisha 1 kwa mbili, iache 5, zidisha 7 kwa mbili, iache 3, endelea hivyo hivyo mpaka mwanzo. Jibu likiwa na tarakimu mbili, zijumlishe zenyewe: 7 huwa 14, na 1 na 4 ni 5. Kisha jumlisha zote. Hapa unapata 60, na kwa kuwa 60 inagawanyika kwa 10, namba imepangwa sawasawa. Yangu nayo iligawanyika. Nikaiingiza kwenye tovuti ya kukagua IMEI, ikajibu: Galaxy S23 Ultra. Nikaingiza barua pepe yangu kwenye simu, nikaweka laini, nikalala kwa amani.

Asubuhi bado ile chaji ilikuwa inanikera kichwani. Nikampigia fundi ninayemwamini nikamweleza kila kitu, nikimtaka aniambie kwamba niko salama. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, anayeweza kutengeneza simu nzima ya bandia atashindwa kunakili namba 15 kutoka simu halali?"

Nikamwambia kwamba hata kwenye mipangilio imeandikwa RAM GB 12, hifadhi GB 512, Android 13, kamera ya megapikseli 200.

"Hayo maandishi kayaweka yeye. Usiiulize simu ni nani. Ipe kazi uone kama inaiweza."

Nilikaa na maneno hayo muda mrefu. Kila nilichokuwa nimekikagua kilikuwa maelezo ya simu kuhusu simu yenyewe: stika, namba, orodha ya sifa. Hata ile tovuti ilikuwa imenisomea tu namba niliyoipa mimi. Hakuna hata kimoja kilichodai simu ifanye jambo ambalo simu halali pekee ndiyo ingeliweza. Naona ushauri wa "angalia IMEI" ukitolewa kila mahali kana kwamba ndio mwisho wa maneno, na unaniuma, kwa sababu mimi niliufuata kwa bidii na ukanilaza usingizi. IMEI isiyofanana na ya boksi ni dalili mbaya. Inayofanana haijathibitisha kitu.

Kazi ya kwanza niliyoipa ilikuwa alama ya kidole. S23 Ultra inasoma kidole chini ya kioo. Nilisajili kidole gumba changu, nikafunga skrini, nikamwambia mdogo wangu aweke chake. Ikafunguka. Akaweka kidole cha shahada, ikafunguka. Akaweka ncha ya kiwiko. Ikafunguka. Hapakuwa na kihisi chochote chini ya kile kioo. Palikuwa na picha ya alama ya kidole na mguso wowote uliifungua. Tulitazamana hatukusema kitu.

Kutoka hapo niliendelea nikitetemeka kidogo, maana sasa nilikuwa natafuta ushahidi.

Nikafungua kamera, nikaanza kuziba lenzi moja moja kwa kidole. Nyuma ya S23 Ultra kuna kamera nne: ya megapikseli 200, ya upana, na mbili za kuvuta mbali, moja mara 3 na nyingine mara 10. Ukichagua mara 10 ukaziba lenzi yake, picha inapaswa kuwa giza, hasa ukiwa unalenga kitu cha mbali chenye mwanga mzuri. Mimi niliziba tatu kwa pamoja na picha haikubadilika hata kidogo. Lenzi moja tu ndiyo ilikuwa hai. Nyingine zilikuwa vioo vilivyogundishwa.

Kisha skrini. Kioo cha simu hii ni AMOLED, ambapo kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe, kwa hiyo nyeusi maana yake nukta imezimwa kabisa. Kioo cha LCD kina taa nyuma yake ambayo haizimiki kwa nukta moja moja, na mwanga wake huvuja. Tuliingia chumbani, tukafunga mapazia, tukazima taa, nikafungua picha nyeusi tupu na kuongeza mwangaza hadi mwisho. Simu yote ilitoa mng'ao wa kijivu, kama dirisha la alfajiri. Sitausahau mng'ao ule. Kipimo hiki nakipenda kuliko vyote kwa sababu hakihitaji programu wala utaalamu, unahitaji giza tu. Na ingawa simu nyingi halali za bei nafuu zinatumia LCD na hazina kosa lolote, simu iliyouzwa kwa jina la AMOLED haina pa kujificha.

Kalamu yake nayo ilinifunza jambo. Kalamu ya S23 Ultra huandika bila kutumia betri, kwa nguvu ya sumaku-umeme inayotoka kwenye simu. Betri ndogo iliyomo ni ya kazi nyingine, kama kupiga picha ukiwa mbali. Kwa sababu hiyo simu huitambua kalamu kabla haijagusa kioo: ukiishikilia juu kidogo, nukta hutokea chini yake na kuifuata. Yangu haikuonyesha nukta. Niliandika kwa kalamu, nikaandika kwa kidole, mistari ikawa ile ile.

Hifadhi ndiyo iliyochukua muda. Niliunganisha simu na kompyuta nikaanza kunakili video kubwa kubwa. Zilipofika kama GB 11 hivi, simu ikagoma, ikasema hakuna nafasi. Nikafungua mipangilio: bado iliandika kwamba nafasi iliyobaki ni zaidi ya GB 450. Kadi za kumbukumbu za bandia nazo hudanganya, ila nyingine ni mbaya zaidi, kwa kuwa hupokea kila kitu bila kulalamika na kuandika juu ya vya zamani, unakuja kugundua baadaye picha zako hazifunguki. Ndiyo maana kunakili hakutoshi. Lazima ufungue mafaili yote tena, ya kwanza na ya mwisho.

Kuna vipimo nilivyovifanya haraka tu. Nilipiga *#0*#, ambayo kwenye Samsung nyingi hufungua ukurasa wa majaribio wenye rangi na vihisi. Haikufungua kitu, ingawa sikuiweka mbele kama ushahidi kwa sababu kwenye baadhi ya simu halali hufungwa. Niliiweka juu ya chaji isiyo na waya ya mdogo wangu, ikanyamaza. Niliipima kwenye mizani ya jikoni: halali ina gramu 233 au 234 kutegemea toleo, yangu haikufika 200. Kwenye duka la Google Play, sehemu ya mipangilio, chini ya maelezo ya programu, kuna mstari unaosema kama kifaa kimeidhinishwa na Play Protect, mfumo wa usalama wa Google. Changu hakikuwa kimeidhinishwa.

Mwisho nikapakua CPU-Z, programu ya bure inayosoma vifaa vya ndani. S23 Ultra inatumia prosesa ya Snapdragon 8 Gen 2. Kwangu ilisomeka MT6580 ya MediaTek, prosesa ya kizamani ya biti 32 ambayo kwa mtandao mwisho wake ni 3G. Pale juu ya skrini paliandikwa 5G muda wote. Na kwenye mstari wa toleo la kerneli (kiini cha mfumo wa simu), ambao mghushi alisahau kuugusa, palisomeka 3.18, wakati simu halali yenye Android 13 ya aina hii ina 5.15. Programu kama hizi nazo zinaweza kudanganywa, kwa hiyo ningeambiwa nichague kati ya CPU-Z na chumba chenye giza, ningechagua giza.

Hapo ndipo nilipokumbuka barua pepe yangu.

Fundi alikuwa amenitajia Triada, kirusi ambacho kampuni ya Kaspersky ilikieleza mwaka 2016, na mwaka 2025 ikaeleza toleo lake jipya lililokutwa limeshawekwa ndani ya simu za bandia kabla hazijauzwa. Huingia kwenye mfumo wenyewe wa simu, kwa hiyo kurudisha simu katika hali ya kiwandani hakukiondoi. Kinaweza kusoma ujumbe mfupi, kuiba akaunti za mawasiliano, hata kubadilisha anwani ya pochi ya sarafu za kidijitali wakati unatuma pesa. Sikuwa na njia ya kujua kama simu yangu ilikuwa nacho. Sikusubiri kujua. Nilitoa laini, nikazima intaneti ya simu ile, na kwa kutumia kompyuta nikabadilisha nywila ya barua pepe, nikaondoa simu ile kwenye orodha ya vifaa vilivyoingia, nikabadilisha nywila nyingine zote zilizofanana na ile. Nashukuru sikuwa nimeweka programu ya benki. Hili ndilo linalonikasirisha zaidi katika biashara hii: mtu anadhani ameibiwa bei ya simu, kumbe simu yenyewe inaweza kuendelea kumwibia kila siku.

Kabla ya kumwandikia muuzaji nilirekodi video moja kwa simu ya mdogo wangu, bila kukata popote. Nilianza na boksi na stika yake, IMEI ikisomeka, kisha *#06# kwenye skrini ili ionekane ni simu ile ile, halafu kidole changu, kidole chake, kiwiko, lenzi, giza, kalamu, mizani. Vipimo vinavyoonekana kwa macho tu. Nilimtumia pamoja na risiti siku ya tatu, nikiwa bado ndani ya siku 7 alizoahidi za kurudisha bidhaa.

"Dada yangu, simu ni orijino, angalia IMEI," alijibu.

Nikamwandikia kwamba IMEI nimeiona, na kwamba namwomba jambo moja: achukue simu nyingine ya aina ile dukani kwake, asajili kidole chake, kisha ampe mtu mwingine ajaribu kuifungua, tukiwa kwenye simu ya video. Akakaa kimya mpaka jioni. Nikamkumbusha kwamba malipo yalipita kwenye mtandao wenye utaratibu wa malalamiko na kwamba video yangu iko tayari kupelekwa huko. Kesho yake alisema nirudishe simu na kila kitu kilichokuwa ndani ya boksi, chaji ikiwemo. Nilirudisha. Kabla ya kuipeleka nilifuta kila kitu changu, ingawa nilijua hilo halikuondoa wasiwasi wote. Pesa ilirudi baada ya siku nne.

Rafiki yangu mmoja alipotaka kununua iPhone alinijia na maswali hayo hayo. Huko mambo ni mepesi kidogo: feki nyingi ni Android iliyovalishwa sura ya iPhone, ukigusa App Store inakufungulia Google Play. Namba ya utambulisho ya simu (serial number) huwa inakaguliwa kwenye tovuti ya Apple yenyewe, ila nilimwambia kama fundi alivyoniambia, kwamba namba inaweza kunakiliwa. Na kwa kuwa iPhone 15 ya mwaka 2023 ndiyo ya kwanza kuwa na tundu la USB-C, ukiona iPhone 15 yenye tundu la Lightning usipoteze muda na mengine.

Mimi nilinunua tena S23 Ultra wiki chache baadaye, safari hii kwa muuzaji aliyekubali niijaribu mbele yake kabla sijalipa. Ndani ya boksi hapakuwa na chaji. Nilishikilia kalamu juu ya kioo bila kugusa, na nukta ndogo ikatokea, ikawa inaifuata kalamu ninakoipeleka. Nilimwomba muuzaji azime taa ya chumba cha nyuma, akazima bila kuuliza. Mdogo wangu aliweka kidole chake mara tatu, simu ikakataa mara zote tatu, ndipo nikatoa pesa.