Nilivyoizamia mashua ya uvuvi iliyolala mita 18 nje ya Tanga

Mashua ya jarife, yaani wavu wa kunasia samaki wakubwa, niliyoizamia karibu na kisiwa cha Yambe imelala ubavu kwenye mchanga wenye tope, mita 18 maji yakijaa. Kina hicho hakimshindi mzamiaji aliyefundishwa. Kinachosumbua ni mkondo, na mkondo unafuata mwezi.

Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Tanga hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na yote hayo yanapita juu ya mabaki. Nilisubiri maji mafu, siku ambazo maji hayapandi wala kushuka sana, tarehe 8 ya mwezi mwandamo, upepo wa kaskazi ukiwa umelegea. Tukaingia dakika 15 kabla ya maji kusimama, yakiwa yamejaa. Kusimama kwa maji yaliyokupwa sikutaki: kupwa huvuta nje tope la Mto Sigi na Mkulumuzi, kujaa huleta maji safi ya bahari kuu. Baada ya masika hata kujaa hakusaidii sana. Eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009, kwa hiyo kibali kwanza, na hutoi kitu chini.

Hesabu ya hewa ndiyo inayonifanya niuheshimu mkondo. Mtungi wa lita 12 wenye presha ya bari 200 una hewa lita 2,400. Bari 50 ni akiba isiyoguswa, zinabaki lita 1,800. Nikitulia napumua lita 20 kwa dakika juu ya maji. Kwenye mita 18 presha ni mara 2.8 ya ile ya juu ya maji, hivyo natumia lita 56 kwa dakika na kupata dakika 32. Nikishindana na mkondo napumua lita 30, chini zinakuwa 84, na muda unashuka hadi dakika 21. Mtungi ni uleule. Nikifika bari 100 naanza kurudi kwenye kamba, hata kama bado kuna cha kutazama.

Kamba ya kushukia tuliifunga kwenye jiwe la kilo 25, likashushwa mita mbili pembeni ya mashua ili lisivunje mbao. Hapa wengi hukosea boya. Jiwe hilo likiwa majini hubaki na uzito wa kilo 15 hivi, na dumu tupu la lita 20 hunyanyua kama kilo 20. Maji yakipanda na kamba ikikaza, dumu linaondoka na jiwe lako. Tulitumia dumu la lita 10 na kamba ya mita 23.

Chini tulielea mita moja juu ya mchanga, miguu ikipigwa kama ya chura. Pezi moja likigusa tope, tochi haioni kitu kwa dakika kadhaa. Ndani hatukuingia. Mashua inayofanya kazi hupakwa deheni, mafuta yaliyochanganywa na chokaa, kwenye sehemu inayokaa majini kila mara. Iliyozama haina wa kuipaka, wadudu wanatoboa mbao, misumari inaliwa na kutu, na mbao inayoonekana nzima kwenye mataruma, mbavu za mashua, inaweza kuanguka ukiishika. Mkuku, yaani uti wa chini wa mashua, na tezi, sehemu ya nyuma, ndivyo vilivyobaki imara. Chini ya tezi palikuwa na chewa mkubwa, na mkunga, samaki kama nyoka anayeuma, kwenye kila tundu, kwa hiyo mikono ikae mbali na matundu.

Jarife bado limening'inia upande wa omo, yaani mbele. Nailoni haionekani kwenye kivuli, na hunasa kwanza vali ya mtungi, nyuma ya kisogo usikofika. Aliyenaswa asigeuke, kugeuka kunamzungushia wavu. Asimame, arudi nyuma kidogo, mwenzake akate. Mkasi ni bora kuliko kisu, kwa sababu kisu kinahitaji uzi uliokaza. Mimi hubeba vifaa viwili vya kukatia, kimoja kila upande, ili mkono wowote ufikie.

Kurudi juu ni mita 9 kwa dakika, si zaidi, kisha dakika tatu kwenye mita 5. Hapo risasi za kiunoni, vipande vya kuongeza uzito, ndipo zinapopimwa: lita 1,800 za hewa zilizotumika zina uzito wa kilo 2 na zaidi, na aliyepima mtungi ukiwa umejaa atapaa bila kutaka. Tuliishika kamba dakika zote tatu. Kamba ilikuwa imeanza kulala kuelekea nje. Maji yalikuwa yakipwa.