Chokoleti isiyo na sukari ya kuokea: geuza pakiti usome nyuma

Maneno "bila sukari" upande wa mbele wa pakiti hayamwambii mwokaji kilichowekwa badala ya sukari. Na hicho ndicho kinachoamua kama keki itabaki laini hadi kesho, kama krimu ya chokoleti itakuwa na chengachenga, na kama mgonjwa wa kisukari unayemwokea ataila kwa usalama.

Nyuma ya pakiti mara nyingi utakuta maltitoli, kitamu kinachotiwa badala ya sukari, chenye namba E965 kwenye orodha ya viungo. Kwa tabia ndiyo iliyo karibu zaidi na sukari: utamu wake ni asilimia 75 hadi 90 ya ule wa sukari, na chokoleti yake huyeyuka na kung'aa vizuri. Kwenye mapishi yaliyotaka gramu 100 za chokoleti ya kawaida, weka gramu 100 za hii na usibadilishe kingine. Lakini maltitoli hupandisha sukari ya damu, ingawa chini ya sukari yenyewe, kwa hiyo anayehesabu wanga asiihesabu kuwa sifuri. Tena utumbo hauifyonzi yote. Inayobaki huvuta maji na kuchachuka, tumbo likajaa gesi au likaendesha. Bamba la gramu 100 linaweza kuwa na gramu 40 za maltitoli, kiasi kinachotosha kumsumbua mtu mzima akilila peke yake. Ligawe kwenye keki ya vipande 16, na watoto wapewe kipande kidogo.

Erithritoli, E968, haipandishi sukari ya damu na tumbo huivumilia zaidi. Kasoro yake huonekana keki ikishapoa: hurudi kuwa fuwele. Keki iliyotoka laini huanza kukwaruza meno siku ya pili, na kinywa huhisi ubaridi kidogo. Ukiitia mwenyewe kwenye keki, isage kwanza iwe poda, na usifidie utamu wote kwa hiyo peke yake. Kamilisha kwa stevia kidogo sana. Stevia, E960, ni tamu mara 200 hadi 300 kuliko sukari, kwa hiyo haina ujazo wowote. Ndiyo maana watengenezaji huijazia inulini, ambayo ni nyuzinyuzi, nayo pia huleta gesi. Ukiona E967, hiyo ni zailitoli: ni sumu kwa mbwa, hata makombo yasimfikie.

Chokoleti ya maziwa iliyoandikwa "bila sukari iliyoongezwa" bado ina sukari ya maziwa. Kwa kuoka chukua nyeusi. Angalia pia mafuta: chokoleti yenye siagi ya kakao ndiyo yenye ladha zaidi. Ile yenye mafuta ya mbegu za mchikichi inafaa kufunikia keki, maana huganda bila kazi ya kupima joto, ila ndani ya keki ladha yake ni hafifu.

Chaguo bora kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kununua chokoleti ya kakao asilimia 100 na kuitia utamu mwenyewe, kwani hapo unajua kila gramu iliyoingia. Hesabu yake ni hii. Gramu 200 za chokoleti ya asilimia 70 ni takriban gramu 140 za kakao na gramu 60 za sukari. Tumia gramu 140 za chokoleti tupu, yaani ile ya asilimia 100, na kwa kuwa utamu wa erithritoli ni karibu asilimia 70 ya sukari, weka gramu 85 za poda yake, au 60 na stevia kidogo. Ukiikosa chokoleti hiyo dukani, kila gramu 30 za chokoleti tupu zinafidiwa na vijiko vikubwa 3 vya unga wa kakao na kijiko kikubwa 1 cha siagi. Unga uwe wa kakao pekee. Ule wa kutengenezea kinywaji mara nyingi umeshatiwa sukari.

Erithritoli usiimwage kwenye chokoleti iliyoyeyuka. Mle hamna maji, haitayeyuka hata ukikoroga nusu saa. Ipige pamoja na mayai kwanza, ndipo umimine chokoleti.

Yeyusha kwenye bakuli kavu juu ya sufuria ya maji yanayofuka, bakuli lisiguse maji, na joto la chokoleti lisipite nyuzi 50. Tone moja la maji au mvuke linatosha kuifanya ishikane kuwa bonge. Ikitokea, usiongeze moto. Tia maji ya moto au maziwa kijiko kimojakimoja ukikoroga hadi ilainike. Itafaa kwenye mchanganyiko wa keki, lakini si ya kufunikia tena. Kwa krimu ya chokoleti, ile ya asilimia 100 inataka krimu nyingi kuliko kawaida, gramu 150 hadi 180 kwa gramu 100 za chokoleti. Mafuta yakijitenga, tia kijiko cha maziwa ya vuguvugu ukoroge taratibu.

Erithritoli haigeuki rangi kwenye oveni, basi usingoje keki iwe kahawia. Ichome kijiti katikati. Kikitoka na makombo yenye unyevu, itoe. Na kumbuka unga wa ngano: gramu 100 zake zina wanga zaidi ya gramu 70, kwa hiyo mwenye kisukari apimiwe kipande chake hata kama chokoleti haina sukari kabisa.