Nabii Aliyesema Hajui

Wapendwa, Bwana asifiwe. Juma hili tusome 2 Wafalme 4:18–37, habari za yule mama Mshunami na mwanawe. Naomba tusikimbilie pale mtoto anapopiga chafya mara saba. Tubaki kwanza mlimani Karmeli, mama alipofika kwa nabii Elisha na uchungu wake.

Mtoto aliugua ghafla shambani wakati wa mavuno, akilia kichwa. Adhuhuri alifia magotini pa mamaye. Mama akatandikiwa punda akaondoka. Mumewe anamuuliza kwa nini aende leo, wakati si mwandamo wa mwezi wala si sabato. Gehazi, mtumishi wa Elisha, anatumwa kumuuliza kama mtoto hajambo, naye anajibu kwamba wote hawajambo, jibu ambalo sisi pia tunalitoa kila Jumapili mlangoni pa kanisa. Kwa Elisha tu ndipo anaanguka na kumshika miguu. Gehazi anataka kumwondoa. Elisha anamwambia amwache, maana ana uchungu rohoni, na BWANA amemficha jambo hili wala hakumwambia.

Nabii mzima, aliyeponya maji ya Yeriko kwa chumvi, anakiri mbele ya mtumishi wake kwamba hajui.

Nimechagua somo hili kwa sababu katika ushirika wetu hapa Kisumu kuna wazazi ambao mtoto wao amegunduliwa majuzi kuwa na kisukari, na sisi ambao si manabii tayari tuna majibu. Huyu anasema ni soda na mandazi. Yule anasema ni chira, kuna mwiko umevunjwa bomani. Mwingine anamuuliza mama alikuwa akila nini alipokuwa mjamzito. Kisukari cha aina ya kwanza, ambacho ndicho kilichompata mtoto huyu, hakiletwi na lolote kati ya hayo. Kinga ya mwili hugeuka ikaziharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Insulini ikikosekana, sukari hubaki kwenye damu na mwili ukakosa nguvu, hata mtoto akimaliza sahani nzima ya ugali na omena. Kwa nini kinga imgeukie huyu na imwache nduguye, hata madaktari hawana jibu kamili. Elisha alikubali kutojua. Sisi tunashindwa na nini?

Niseme pia jambo moja kwa kila mzazi. Huku ziwani mtoto akilegea tu tunasema malaria. Mkimwona anakunywa maji bila kutosheka, anakojoa mara kwa mara, ameanza tena kulowesha kitanda ilhali alikuwa ameacha, anakula na bado anakonda, ombeni apimwe sukari. Tone moja la damu ya kidole linatosha. Akianza kutapika, akihema kwa nguvu na pumzi ikinuka kama matunda, apelekwe hospitali usiku huohuo. Kesha litaendelea akiwa tayari mikononi mwa daktari.

Sasa lile linaloniuma. Kuna ushauri unaozunguka kwenye mikesha yetu kwamba mzazi mwenye imani aache sindano za insulini, amwachie Mungu. Mtoto wa aina hii akikosa insulini anaweza kufa ndani ya siku chache tu. Mfalme Hezekia aliahidiwa uponyaji na Mungu mwenyewe, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20:7). Kabla ya Januari 1922, kijana wa miaka 14 alipodungwa insulini kule Toronto, mtoto mwenye ugonjwa huu alinyimwa chakula ili siku zake zisogezwe kidogo tu, kisha alizikwa. Mimi naishukuru insulini kama ninavyozishukuru tini za Isaya, na sioni haya.

Mtoto huyu wa ushirika wetu anamuuliza mamaye, "Mama, nitaacha sindano lini?" Najua jibu linalotujia mdomoni: tuombe, ukiamini utaacha. Tafadhali, tusimpe. Kesho asubuhi sindano itakuwepo, naye ataanza kutafuta kosa katika imani yake. Aambiwe ukweli kwa upole: sindano ni ya kila siku, nasi tuko naye. Someni tena sura hii. Elisha hakumuuliza mtoto kama anaamini. Mtoto alikuwa amelala kitandani bila uhai, na mamaye ndiye aliyesafiri kwa ajili yake.

Kisha angalieni ile fimbo ya Elisha. Gehazi alitangulia nayo, akaiweka juu ya uso wa mtoto, pasiwe sauti wala dalili. Mama alikuwa amekataa kurudi bila Elisha, na ilibidi mzee aende mwenyewe. Ujumbe wa "tunakuombea" kwenye simu ni mzuri, lakini mama huyu wa kwetu anaamka saa tisa usiku kumchoma mwanawe kidole, akihofia sukari imeshuka. Stripu za kupimia zinaisha. Nyumba yake haina friji, na joto la Kisumu mnalijua. Dawa anaihifadhi kwenye chungu cha udongo chenye mchanga uliolowa. Mwenye friji jirani naye amkaribishe, ila insulini isiwekwe kwenye friza, ikiganda imeharibika. Tukitangaza mfungo, mtoto huyu hafungi. Na walimu wa shule ya Jumapili, mkimwona anatetemeka, anatoka jasho au amechanganyikiwa, mpeni soda yenye sukari au sukari iliyokorogwa kwenye maji, papo hapo. Wengi wataogopa kwa kuwa ni mtoto wa kisukari, kumbe wakati huo sukari ndiyo dawa. Akizimia, msimtie chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Mshunami hakumaliza shida zake siku ile mtoto alipofufuka. Katika sura ya 8 anarudi kutoka ugenini baada ya miaka saba ya njaa, anamlilia mfalme arudishiwe nyumba na shamba. Anamkuta Gehazi, yuleyule aliyetaka kumsukuma, akimsimulia mfalme habari zake, na ushahidi wake unamsaidia kupata vyote.

Kliniki ya mtoto wetu ni wiki ijayo pale hospitali ya Jaramogi, ambako wazee bado wanakuita Russia. Mama ataondoka alfajiri na anahitaji mtu wa kubaki na wale wadogo wawili mpaka jioni. Anayeweza, amwambie mwenyewe kabla ya Jumapili.